Hedifoni Tatu na Tusi Moja

Hedifoni zilifika Lindi siku ya Jumanne ndani ya boksi la maziwa ya unga. Zilikuwa tatu, pamoja na fomu ya kurasa nne. Barua ilisema kwamba wakubwa wa Dar es Salaam wanataka kununua hedifoni za aina moja kwa mikoa yote inayorekodi ngoma na nyimbo, kwa hiyo kila mkoa uzijaribu hizo tatu kwa muziki wa kila namna, ujaze alama, urudishe fomu baada ya wiki tatu. Hedifoni nazo zirudi. Neno “zirudi” lilipigiwa mstari mara mbili, maana huko juu walitujua.

Ofisi yetu ya utamaduni ilikuwa na watu wawili. Wa kwanza Bwana Likwata, afisa mwenyewe, Mmwera wa Kilangala, miaka hamsini na minne, aliyejifunza nyaya na redio jeshini wakati wa vita vya Burma. Wa pili mimi, Eusebio, Mmakonde, mtoto wa Mingoyo, kidato cha nne nimemaliza: karani, dereva, mbeba betri, na kwa cheo nilichojipa mwenyewe, mchekeshaji wa mkoa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano na kila mtu alikuwa amechoka. Watu walikuwa wametolewa vitongojini mwao wakapangwa mistari kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho yao imebaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Tulikula yanga, ule unga wa njano wa msaada, mpaka nikaanza kuota ndoto za njano. Landrova yetu ilishika breki ikijisikia. Hata vichekesho vyangu vilikuwa vimechoka, na hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Mtu wa mizaha ndiye wa kwanza kujua nani hasikii, kwa sababu mizaha yake inaanza kufa mikononi mwa mtu huyo. Tangu Ramadhani nilikuwa nimemwona Bwana Likwata akicheka pale mdomo wangu unapofunga, si pale neno linapochekesha. Siku moja nilimwambia shangazi yangu amefariki, akacheka vizuri sana. Namshukuru Mungu shangazi alikuwa mzima, nilikuwa najaribu tu.

Siku hiyo ya boksi aliniambia nifunge mlango.

“Eusebio,” akasema, “sauti za juu zinaniacha. Filimbi, ndege, wanawake. Ngoma naisikia. Wanaume nawasikia nusunusu. Mke wangu simsikii kabisa, na yeye anadhani nimepata adabu uzeeni.”

Nikamwambia pole, chini chini. Kwake ikawa sawa tu.

“Nimerekodi mkoa mzima huu,” akaendelea. “Liwale, Nachingwea, Kilwa, mpaka Songo Songo nimetapika baharini kwa ajili ya kazi. Wimbo wa mama yangu sijaurekodi. Kila mwaka nasema kwetu ni kwetu, hapakimbii. Sasa pamekimbia.”

Mama yake alikuwa mwongozaji wa wimbo wa kuwinga ndege, ule walioimba wanawake wakilinda mtama usiliwe. Alipokufa, wimbo ulishikwa na Bi Mwahija. Kitongoji chao kilihamishwa mwaka uliopita, mashamba ya mtama yakaachwa, na kwenye shamba la kijiji ndege wanafukuzwa na watoto wa shule kwa kupiga makopo. Bi Mwahija alikuwa na miaka sabini na kikohozi.

“Kuurekodi ni rahisi, hata wewe unaweza,” akasema, na nikaamua kuichukua kama sifa. “Mimi nataka niusikie. Mara moja tu, kabla masikio hayajafunga duka. Kati ya hizi tatu, moja lazima inanifaa.”

Ndivyo ilivyokuwa kazi yetu. Dar es Salaam walitaka hedifoni ya mikoa yote. Bwana Likwata alitaka hedifoni ya wimbo mmoja.

Nilizipa majina, kwa sababu namba zilizoandikwa pembeni zilikuwa ndefu kuliko waya zake. Kubwa nyeusi, nzito, yenye vikombe vinavyomeza sikio zima, niliiita Mzee wa Kazi. Ukiivaa dunia inafungwa nje, jasho linaanza, na shingo inajuta. Nyembamba ya kijivu, yenye sponji laini na uzito wa mkate wa mofa, nikaiita Bi Harusi. Ya tatu ilikuwa na sikio moja tu, kama ile wanayovaa wasichana wa simu posta. Hiyo nikaiita Karani, kwa kuwa ilisikia maneno na haikuelewa muziki.

Tulianza na kwaya ya parokia. Walikuwa wanafanya mazoezi saa tisa alasiri, joto limekaa kanisani kama mtu wa pili kwenye kila benchi. Mimi nilivaa Bi Harusi kwanza. Mungu wangu! Nilimsikia Skolastika, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akimeza mate kabla ya “Aleluya”. Nilisikia besi wa nyuma akichelewa na kumlaumu mwenzake kwa kumpiga kiwiko. Kila sauti ilisimama peke yake kama nguo kwenye kamba. Nikavaa Mzee wa Kazi, na watu walewale wakawa wanaimba ndani ya mtungi.

Kisha zamu yake. Nilimpa Bi Harusi, akaiweka juu ya kofia yake, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu, uso umetulia.

“Safi,” akasema. “Safi sana.”

Waya ulikuwa bado mkononi mwangu. Sikuwa nimeuchomeka kwenye mashine ya kurekodia.

Alifumbua macho, akauona. Tulitazamana pale, kwaya inaendelea kumsifu Bwana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kichekesho kizuri mdomoni na nikakimeza. Nikauchomeka waya. Akasikiliza tena, sasa uso wake ukawa kama wa mtu anayefunua chungu akitegemea chakula akakuta ukoko.

“Jaza wewe,” akaniambia. Nikajaza: kwaya, ya kijivu, alama tisa.

Wiki iliyofuata tukaenda kwenye ukumbi wa mjini, bendi ya dansi ilikuwa inajaribu vyombo mchana. Hapo mambo yakageuka. Gitaa la solo lilikuwa tamu ndani ya Bi Harusi, lakini spika za bendi zilipita moja kwa moja kwenye ile sponji, hata sikujua nasikia utepe au nausikia ukumbi. Mzee wa Kazi alifunga mlango, akaniachia kilichokuwa kwenye waya peke yake. Gitaa la besi lilitembea ndani ya kichwa changu na viatu vyake. Nilipomvalisha Bwana Likwata, kidole chake kilianza kugonga meza, kisha mguu, kisha bega. Alimnyooshea mpiga besi mkono.

“Waya wako wa tatu umelegea!” akapiga kelele, kama wafanyavyo wote waliozibwa masikio.

Mpiga besi akaujaribu. Kweli ulikuwa umelegea. Bendi nzima ikamwangalia yule mzee kama mganga, na yeye akajifanya anasoma kimshale cha sauti kwenye mashine, lakini nilimwona anatabasamu. Nikajaza: dansi, nyeusi kubwa, alama nane na nusu. Nusu niliipunguza kwa ajili ya shingo.

Njiani akasema, “Umeona? Bado sijafa.”

“Nimeona, mzee.”

“Eh?”

“NIMEONA!”

“Usinipigie kelele,” akasema. “Mimi si kiziwi.”

Tulifika Kilangala Alhamisi ya wiki ya tatu, kama saa kumi jioni. Watu walikuwa wanarudi kutoka shamba la ujamaa, majembe begani, wakasogea kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji kwa sababu mwenyekiti aliwaambia wasogee. Wengine walikaa chini hapohapo wakafumba macho. Sikuwalaumu. Ungekuwa umelima tangu alfajiri ungetaka kurekodiwa?

Nikapanga mashine juu ya meza ya mwenyekiti. Bwana Likwata aliketi nyuma yake, Mzee wa Kazi shingoni, akikagua utepe. Ndipo Bi Mwahija akaja, mfupi, mkavu, kanga mbili, fimbo ambayo sikuona ikigusa ardhi.

“Shikamoo, bibi,” nikasema.

“Marahaba. Wewe ndiye Mmakonde wake? Mbona huna chale usoni, walisahau kukumalizia?”

“Waliishiwa wino, bibi.”

Akacheka. Nikampenda papo hapo.

Lazima nieleze jambo hapa, ingawa mtu wa kusini hana haja ya kuelezwa. Ukoo wa Bi Mwahija na ukoo wa Bwana Likwata ni watani, tangu mababu. Mtani anakutukana mbele ya watu, anachukua kofia yako, anakaa kwenye kiti chako msibani anajifanya marehemu, na huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa jambo moja tu, kujibu. Tena si unaruhusiwa, unadaiwa. Tusi la mtani halilali bila jibu. Nimeona mtu ana homa ya malaria amefunikwa mablanketi matatu, mtani akapita nje akamtukana, naye akatoa kichwa akajibu, ndipo akaendelea kutetemeka.

Basi Bi Mwahija akasimama nyuma ya Bwana Likwata, mikono kiunoni, akapaza sauti uwanja mzima usikie:

“Haya! Mbuzi wa ukoo ule amerudi, safari hii kaota pembe za kukunjwa! Likwata, babu yako tulimbeba sisi mpaka kaburini, na jeneza lilikuwa zito, si kwa mwili, kwa uchoyo!”

Uwanja ukalipuka. Hata waliokuwa wamelala walicheka. Halafu wote wakageuka kumwangalia Bwana Likwata, wakisubiri, kama watu wanavyosubiri mpira urudi.

Alikuwa amempa mgongo. Alipuliza vumbi kwenye mashine. Akainyoosha pini ya utepe. Akapuliza tena.

Kicheko kikapungua, kikafa. Mtoto mmoja akauliza, “Mbona hajibu?” akafinywa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na waya mkononi nikitamani ardhi inimeze mimi na tepurekoda ya ofisi. Wiki tatu nimemficha yule mzee. Nimemjazia fomu, nimemgusa bega mtu akimwita, nimesema “afisa anafikiri” kila alipoulizwa asijibu. Na sasa kila mtu uwanjani, kuanzia mwenyekiti hadi kuku, alikuwa ameelewa.

Bi Mwahija hakucheka tena. Alinisogelea.

“Tangu lini?”

“Ramadhani, bibi. Labda na kabla.”

“Na nyie huko mjini mmekaa kimya.”

“Nani angemwambia, bibi? Ni mkubwa wangu.”

“Ndiyo maana Mungu akaumba watani,” akasema.

Akaizunguka meza, akasimama mbele yake, usoni kabisa, ili aone midomo. Akasema polepole, kwa nguvu, lile neno ambalo mimi na serikali hatukuthubutu kulisema:

“Likwata. Umekuwa kiziwi.”

Bwana Likwata aliiacha mashine. Nilidhani atasingizia mashine, atasema betri, atasema upepo.

“Ndiyo, mtani,” akasema. “Nimekuwa kiziwi.”

Na nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetua gunia la korosho alilolibeba kutoka mbali akimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba halina kitu ndani.

“Umekuja na masikio matatu ya kuazima,” akasema Bi Mwahija. “Kwa ajili ya nini?”

“Wimbo wa mama. Nataka niusikie.”

Basi wakaimba. Bi Mwahija mbele, wanawake kumi na wawili nyuma yake, makofi na kingoma kimoja kidogo. Wimbo ni wa Kimwera, sitaharibu maneno yake, lakini maana yake ni hii: mtama umeiva, ndege wamejua kabla yangu. Unarudiwa rudiwa, kila mara ndege wengine wanatajwa, na mwisho sauti ya mwongozaji inapanda juu sana, nyembamba, inakaa huko kama inamfukuza mwewe. Mimi nilikuwa nimevaa Bi Harusi. Sauti ile ya miaka sabini ilikuwa na ufa katikati, na ufa wenyewe ulikuwa unaimba.

Kisha tukaurudisha utepe mwanzo ili Bwana Likwata asikilize. Akaanza na Bi Harusi. Akapandisha sauti, akapandisha tena, mpaka kimshale kikalala upande wa mwisho. Akatikisa kichwa. Karani: akatikisa kichwa. Mzee wa Kazi: hapo kidole kikaanza kugonga na kingoma, makofi nayo aliyapata, nikapata matumaini. Kisha kidole kikasimama.

“Nasikia kila kitu kinachomzunguka,” akaniambia. “Yeye mwenyewe pale katikati ni shimo.”

Akaivua. Akaanza kukunja waya, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kama alivyonifundisha, ili usikatike ndani.

“Basi,” akasema. “Umerekodiwa. Twende, petroli yenyewe ya kubahatisha.”

Wanawake walianza kuokota majembe yao. Jua lilikuwa bado lipo, lakini siku ilikuwa imekwisha.

Bi Mwahija alimnyang'anya ule waya. Mtani anapochukua kitu hakuna wa kumzuia. Akachukua na kofia yake, akaivaa mwenyewe. Kanga ya juu akaifunga kiunoni kama shuka ya mwanamume, akatanua miguu, akatoa tumbo ambalo hakuwa nalo, akatema mate pembeni. Wanawake wakapiga vigelegele, maana walijua. Ndivyo wanavyofanya kwenye shughuli zao za ndani, kwenye unyago na harusi, wanapowaigiza waume zao wakirudi kutoka kilabuni. Kila mwanamke mzima wa pale ana sauti ya pili aliyoiweka akiba kwa kazi ya kutudhihaki. Sisi wanaume hatutakiwi kuisikia.

“Mvalishe ile nzito,” akaniamuru. “Na huo mdomo wa chuma uulete hapa.”

Nikasogeza maikrofoni. Nikabonyeza. Akakohoa, sauti ikashuka, ikashuka tena, mpaka ikafika mahali ambapo mababu wanakaa, ikawa nene, ya kijeuri, ya mzee anayedai chakula. Kwa sauti ile akaimba: mtama umeiva, ndege wamejua kabla yangu.

Uwanja ulikufa kwa kicheko. Mwenyekiti alijaribu kubaki mwenyekiti, akashindwa.

Bwana Likwata hakucheka. Alikuwa ameinama, mikono miwili imebana vikombe vya Mzee wa Kazi masikioni. Midomo yake ilianza kwenda. Neno kwa neno, ndege kwa ndege, mbele kidogo ya mwimbaji, kama mtoto anayejua hadithi. Katikati aliinua kidole, bila kuinua macho.

“Mtani, rudi nyuma hatua moja. Kimshale kinapita.”

Akarudi nyuma hatua moja. Akamaliza.

“Umekosea mwisho,” akasema Bwana Likwata. “Mama alikuwa anavuta pale kwenye kunguru.”

“Ndiyo maana yeye alivuta na kunguru wakala,” akajibu Bi Mwahija. “Imba wewe, kama unajua.”

Hakuimba. Aliomba kofia yake, akanyimwa. Tuliondoka Kilangala yeye akiwa kichwa wazi.

Tulisimama kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Kilwa, kwa sababu Landrova ilitaka maji na mimi nilitaka chochote ambacho si yanga. Akatoa ile fomu, akaisoma yote, miwani puani. Sauti za wanawake: ya kijivu, alama tisa. Ngoma: nyeusi kubwa. Hotuba: ya sikio moja, kama hakuna nyingine. Hakubadilisha alama hata moja. Chini, palipoandikwa jina la afisa aliyesikiliza, aliandika kwa mwandiko wake wa jeshini: “Aliyesikiliza ni Eusebio. Mimi nilishika waya.” Akatia sahihi.

“Mzee, watakustaafisha.”

Aliona midomo. “Wanistaafishe. Nimechoka kusikia kwa macho.” Akanywa chai. Kisha akaweka kikombe chini ghafla. “Eusebio! Pale mwanzo, nilipokuwa napuliza mashine. Watu walicheka. Alisema nini?”

Nilijua siku hiyo haitaisha bila adhabu yangu.

“Mambo ya kitani tu, mzee.”

“Sema.”

Nikasema kwa adabu, chini chini. Hakusikia. Nikasema tena. Akaweka mkono sikioni. Ikabidi nisimame pale kibandani, mbele ya watu wanne na mama muuza vitumbua, nimpigie kelele mzee wa miaka hamsini na minne:

“BABU YAKO JENEZA LILIKUWA ZITO KWA UCHOYO!”

Mama wa vitumbua akaniambia sina malezi. Mzee mmoja akanyanyuka na fimbo. Lakini Bwana Likwata alikuwa anacheka, na safari hii alicheka pale pale panapochekesha, mpaka akashika meza.

“Twende turudi,” akasema. “Nadaiwa jibu.”

“Petroli haitoshi, mzee.”

Alinitazama, akatazama barabara, akatazama Landrova iliyokuwa inatoa mvuke kama sufuria. Alikuwa amechoka sana yule mzee, na mimi vilevile. Kisha akasema:

“Lete mashine. Tukipita kwenda Kilwa mwezi ujao tutampelekea. Lakini jibu litoke leo.”

Nikaiweka juu ya meza, katikati ya vikombe. Nikamvalisha Mzee wa Kazi, nikashika maikrofoni. Akanyoosha mgongo.

“Mwahija, mtani wangu,” akasema, sauti nzito, inayosikika. “Babu alikuwa mzito, kweli. Ukoo wenu mzima mlikuwa mmedandia jeneza, mkidhani linakwenda kwenye karamu. Na kofia yangu uirudishe, ina chawa wa kiume.”

Nikasimamisha. Akaomba asikilize. Akasikiliza, kidole kikigonga meza, uso umekunjamana.

“Hapana,” akasema. “Pale kwenye karamu nimeharakisha. Tena.”

Tukarudia mara nne. Betri zilikuwa zinakwisha, chai imepoa, na mama wa vitumbua alikuwa ameacha biashara yake, amesogeza kigoda, anamwambia aongeze na tusi la kumhusu bibi wa Mwahija.